Bakteria wa kawaida kwenye njia ya uzazi ya ng'ombe: jinsi ya kuwatambua, kuwakagua na kuwaacha walipo

Karatasi ya maabara ikirudi imeandikwa kwamba Escherichia coli, Streptococcus na Staphylococcus wameonekana katika uke wa ng'ombe anayekula vizuri, asiye na homa, na ambaye akiingia joto (akitaka dume) hutoa ute mwangavu kama ute wa yai bichi, usikimbilie agroveti. Karatasi hiyo haijasema ng'ombe ni mgonjwa. Imetaja wenyeji wa sehemu ile. Ukimdunga antibayotiki utalipa mara tatu: bei ya dawa, maziwa utakayomwaga mpaka siku za kungoja ziishe, na bakteria sugu watakaobaki zizini mwako, ambao siku ugonjwa wa kweli ukiingia hawataisikia dawa hiyo.

Mwongozo huu ni wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, awe anafugia bandani Vihiga au Kakamega, anachunga kwenye nyasi za Njoro na Molo, au anafunga zebu kwa kamba katika nyanda za Kano. Unaeleza bakteria gani ni wa kawaida, wapi na kwa muda gani, ute unakaguliwa vipi, sampuli inachukuliwaje hata ilete jibu la maana, na makosa gani ya zizini huwageuza wenyeji hao kuwa maadui.

Wanaoishi humo

Tuanze nje tukiingia ndani. Midomo ya uke wa ng'ombe iko chini kidogo tu ya mkundu, kwa hiyo bakteria wa kinyesi, wa ngozi na wa udongo hufika pale kila siku. Ndani ya uke wa ng'ombe mzima utakuta E. coli na jamaa zake wa utumbo, Streptococcus, Staphylococcus, Enterococcus, Corynebacterium, Bacillus wa udongoni, pamoja na wengine wengi wasiopenda hewa ambao sahani ya kawaida ya maabara haiwaoteshi kabisa. Lactobacillus wapo pia, ila ni wachache.

Hapo pa Lactobacillus ndipo watu wengi hupotea, kwa kumlinganisha ng'ombe na mwanamke. Uke wa mwanamke mwenye afya kwa kawaida hutawaliwa na Lactobacillus, nao hutengeneza asidi hadi pH, kipimo cha uchachu, inashuka chini ya 4.5. Uke wa ng'ombe hukaa karibu na 7, yaani hauna uchachu. Kumtia ng'ombe siki au yogati ya dukani kwa nia ya kurudisha bakteria wazuri hakumrudishii kitu alichokuwa nacho. Kunamwongezea uchafu tu.

Wako wengine wanaosumbua kichwa zaidi: Mycoplasma bovigenitalium, Ureaplasma diversum na Histophilus somni. Hawa huishi ukeni na kwenye govi la fahali bila dalili yoyote, lakini pia hupatikana pale ambapo midomo ya uke imevimba na kutoka vijipele vyekundu, au ng'ombe wanaporudia joto mara kwa mara. Jina lao kwenye karatasi peke yake halitoshi kumhukumu ng'ombe. Uliza: je, kuna vijipele? Kuna usaha? Ni ng'ombe wangapi zizini wanarudia joto? Kama majibu yote ni hapana, waache.

Mji wa mimba ni habari nyingine. Kwa miaka mingi ulifundishwa kuwa hauna bakteria hata mmoja kwa mtamba na kwa ng'ombe mwenye mimba. Mbinu za kusoma DNA zimeonyesha kwamba alama za bakteria zipo humo hata kwa mitamba ambao hawajawahi kupandwa, ingawa kwa idadi ndogo sana. Wataalamu bado wanabishana kama hao ni wakazi au ni wapita njia. Kwa mfugaji, neno ni hili: bakteria wachache mjini mwa mimba si ugonjwa. Ugonjwa ni idadi kubwa, aina fulani, na mwili ulioshindwa kuwatoa.

Milango inayowazuia

Kuna vizuizi vitatu kati ya kinyesi na ndama aliye tumboni. Cha kwanza ni midomo ya uke. Simama nyuma ya ng'ombe uitazame. Inapaswa kusimama wima, ikutane barabara kama mfuko uliofungwa, na sehemu yake kubwa iwe chini ya usawa wa sakafu ya nyonga. Kwa ng'ombe mzee aliyezaa mara nyingi, au aliyekonda, mkundu huzama ndani na midomo hulala kama ngazi. Kinyesi sasa huporomokea juu yake, hewa huingia, na ng'ombe akiinuka unasikia mlio wa hewa ikitoka. Ng'ombe wa namna hii hata umpe dawa gani atarudi palepale. Dawa yake ni daktari kushona sehemu ya juu ya midomo, kazi fupi inayofanyika kwa ganzi.

Kizuizi cha pili ni mkunjo wa nyama ulio ndani kidogo, karibu na tundu la mkojo. Cha tatu ni mlango wa kizazi, bomba gumu lenye pete za nyama, kwa kawaida 3 au 4, zilizozibwa na ute mzito wakati ng'ombe hayuko kwenye joto.

Juu ya hivyo vitatu kuna ulinzi wa damu yenyewe, nao hubadilika kufuatana na homoni. Hapa pana maarifa makubwa kuliko yote katika somo hili. Ng'ombe akiwa kwenye joto, homoni ya estrojeni hufungua mlango wa kizazi, ute hutiririka kutoka ndani kwenda nje, na chembe nyeupe za damu hufika kwa wingi. Bakteria wakiingia siku hiyo husombwa. Siku chache baadaye homoni nyingine, projesteroni, hushika usukani: mlango hufungwa, mji wa mimba hutulia, na ulinzi hupungua ili mimba ipokelewe. Bakteria walewale, kwa idadi ileile, wakisukumwa ndani wakati huu hukuta nyumba isiyo na askari. Ndiyo sababu kumhimilisha (kumtia shahawa kwa mrija) ng'ombe asiye kwenye joto, kwa sababu tu mhimilishaji amekwisha kufika na nauli yake imelipwa, kunaweza kumwachia mji wa mimba uliojaa usaha.

Baada ya kuzaa: siku kwa siku

Siku ng'ombe anapozaa, milango yote mitatu iko wazi na pampu ya hewa inafanya kazi: kila mji wa mimba unapojikaza kisha kulegea, hunyonya kilichoko nje. Katika wiki mbili za kwanza karibu kila ng'ombe ana bakteria mjini mwa mimba, awe Friesian wa Bahati au zebu wa Ahero. Asilimia 80 hadi 100 ndiyo hesabu inayokubalika. Basi swali si kama wameingia. Swali ni kama wanatoka.

Mji wa mimba ukimaliza kuzaa una uzito wa kilo 9 hivi. Kufikia siku ya 30 unapaswa kuwa kama kilo 1. Ndani yake mna vifundo 70 hadi 120 ambavyo kondo la nyuma lilikuwa limejishika, na kila kifundo huacha kidonda kinachochubuka na kupona. Ngozi mpya ya juu hurudi karibu siku ya 25, na tabaka za chini huchukua wiki 6 hadi 8. Kinachotoka nje katika muda huo ni mchanganyiko wa damu, maji ya uzazi na nyama iliyochakaa.

Saa 12 za kwanza: kondo la nyuma linapaswa kuanguka. Likipita saa 24 limekwama.

Siku ya 1 hadi ya 10: uchafu wa rangi ya kahawia nyekundu, mzito kiasi, bila uvundo. Ng'ombe aliyezaa mara kadhaa anaweza kutoa jumla ya lita 1 hadi 2. Mtamba aliyezaa mara ya kwanza hutoa kidogo, chini ya nusu lita, na wengine huonekana kama hawatoi kitu kwa kuwa mwili hufyonza. Usimtie mtamba huyo mkono ukidhani ameziba.

Siku ya 10 hadi ya 18: rangi hufifia, kiasi hupungua, unaona ute wenye michirizi ya damu au vidoa vyeupe. Vidoa hivyo katika siku hizi ni chembe za damu zilizokufa zikifanya kazi. Wengi huviona wakaita usaha, wakadunga sindano. Subiri.

Kutoka siku ya 21: ute uwe safi au usiwepo kabisa. Usaha unaoonekana sasa ni jambo la kutibu.

Bakteria nao hubadilishana zamu. E. coli huongoza siku za kwanza na kuumiza ngozi ya ndani kwa sumu yake. Njia ikishafunguliwa hivyo, wanafuata Trueperella pyogenes, Fusobacterium necrophorum na Prevotella, watatu wanaosaidiana kama wezi wa genge moja: mmoja hutoboa chembe za mwili, mwingine huua chembe nyeupe za damu, wa tatu huzuia bakteria wasimezwe na chembe hizo. Trueperella akionekana kwenye sampuli ya mji wa mimba baada ya wiki 3, pamoja na usaha, hilo ni jibu zito. Akionekana siku ya 5 kwa ng'ombe anayekula na asiye na homa, andika tarehe, endelea kumtazama.

Baada ya hapo kuna mambo mawili ya kawaida yanayotisha watu bure. La kwanza ni damu kidogo mkiani siku 1 hadi 3 baada ya joto, hasa kwa mitamba. Si jeraha wala mimba iliyotoka. Inakueleza joto limepita, na kama hakushika mimba, joto jingine litegemee baada ya siku 18 hadi 20 hivi. La pili ni ute mwingi mwangavu wakati wa joto, unaoning'inia hadi kwenye kwato. Huo ni kuusherehekea.

Jinsi ya kumkagua

Mpime joto kwanza, kabla hujamshika kwingine. Fanya asubuhi, kwa maana ng'ombe aliyesimama kwenye jua la Kisumu saa nane mchana hupanda joto bila kuwa mgonjwa. Paka themomita mafuta, iingize kwenye mkundu ikiwa imelala kwenye ukuta wa utumbo badala ya kuchoma katikati ya kinyesi, shikilia dakika 1 kwa ile ya dijitali au dakika 3 kwa ile ya zebaki. Kawaida ni nyuzi 38.0 hadi 39.3. Ukiona zaidi ya 39.5 katika wiki 3 za kwanza, pamoja na uchafu wa majimaji mekundu unaonuka kama nyama iliyooza, na maziwa yamepungua, huo ni uvimbe wa mji wa mimba. Mwite daktari siku hiyohiyo. Pima kila asubuhi kwa siku 10 baada ya kuzaa, uandike kwenye daftari. Ni kazi ya dakika tatu, na ndiyo inayotuambia mapema kuliko macho.

Kutoka siku ya 21 kagua ute. Mfunge ng'ombe kwenye krashi au kwenye nguzo, funga mkia pembeni kwa kamba shingoni. Osha midomo ya uke kwa maji safi na sabuni ya kipande, suuza, kisha kausha kwa karatasi laini. Kukausha kuna uzito sawa na kuosha, kwa sababu matone ya maji machafu yaliyobaki ndiyo yanayoingia na mkono. Vaa glavu mpya ndefu, ipake jeli ya kulainisha isiyo na manukato. Sabuni ya kufulia haifai kulainishia, huchoma ngozi ya ndani. Fungua midomo kwa mkono mwingine, ingiza mkono ukielekeza juu kwanza, kisha mbele, ili usipitie tundu la mkojo lililoko chini. Ukifika mwisho zungusha vidole taratibu, chota ute ulioko sakafuni mwa uke, toa, utazame kwenye mwanga.

Mwangavu bila doa ni alama 0. Mwangavu wenye vidoa vyeupe ni 1. Usaha usiozidi nusu ni 2. Usaha uliozidi nusu, au wenye damu na uvundo, ni 3. Alama 0 na 1 mwache. Alama 2 mrudie baada ya wiki moja, na ikiwa siku ya 26 imepita mwonyeshe daktari. Alama 3 baada ya siku 21 haingoji. Usimwingizie mkono ng'ombe ambaye unajua au unashuku ana mimba.

Daktari anaweza kwenda mbali zaidi kwa ng'ombe anayerudia joto huku ute wake ni safi. Huchukua chembe za ndani ya mji wa mimba kwa brashi ndogo na kuzihesabu chini ya hadubini: chembe nyeupe zikizidi asilimia 18 kati ya siku ya 20 na ya 33, au asilimia 10 kati ya siku ya 34 na ya 47, kuna uvimbe uliojificha. Kipimo hiki kinahesabu jinsi mwili unavyojibu, na kwa maoni yetu kina faida kuliko kuotesha bakteria, maana bakteria utawakuta tu.

Sampuli isiyodanganya

Sampuli nyingi za uzazi zinazofika maabara hazina maana kwa sababu kijiti kilipita kwenye uke kabla ya kufika mjini mwa mimba. Kinachooteshwa ni bakteria wa mlangoni. Ukitaka kujua kilichoko ndani, kijiti kiwe kimefunikwa na mrija mara mbili. Daktari hupitisha mrija hadi mwisho wa mlango wa kizazi akiuongoza kwa mkono ulioko kwenye utumbo, ndipo asukume kijiti nje, akizungushe ukutani kwa sekunde chache, akirudishe ndani ya mrija kabla ya kuvuta. Nje kwanza paoshwe, pakaushwe, papanguswe kwa spiriti ya asilimia 70 na paachwe pakauke.

Kijiti kiingie kwenye chupa ya kusafirishia yenye jeli ya Amies, ambayo huwalinda hata baadhi ya wale wasiopenda hewa. Kijiti kikavu ndani ya karatasi kitakuletea E. coli na Bacillus peke yao, kwa sababu wengine watakuwa wamekufa njiani. Weka kwenye kikasha chenye barafu, chupa isiguse barafu, wala isigande. Ifike ndani ya saa 24. Maabara za mifugo za kanda ziko Nakuru, Kericho na Eldoret, hivyo mtu wa Muhoroni au Kakamega akichukua sampuli asubuhi anaweza kuifikisha siku hiyo. Usichukue Ijumaa jioni.

Kwenye karatasi andika umri wa ng'ombe, tarehe aliyozaa, tarehe ya joto la mwisho, dalili ulizoziona, na kila dawa aliyopewa siku 14 zilizopita. Omba waeleze ni nani aliyeota kwa wingi na kama ameota peke yake. Bakteria mmoja aliyejaa sahani nzima ana uzito. Mchanganyiko wa aina tano, kila moja kidogo, mara nyingi ni uchafu wa njiani.

Kinachowaharibu

Mahali pa kuzalia ndipo vita hushindwa au huokolewa. Tenga chumba cha mita 3.5 kwa 3.5 au zaidi, kwenye mwinuko, chenye matandiko makavu yaliyofikia magotini mwako kabla hayajakanyagwa. Njoro kuna majani ya ngano, Ahero kuna majani ya mpunga, Chemelil na Muhoroni kuna makapi ya miwa: yote yanafaa yakiwa makavu. Vumbi la mbao bichi liepuke, hubeba Klebsiella wanaoleta pia ugonjwa wa kiwele. Mvua za Machi hadi Mei zikiwa zimeanza, kipande cha nyasi safi kisicho na kinyesi ni bora kuliko banda lenye tope. Ondoa matandiko yote kila ng'ombe anapomaliza, paache pakauke, ndipo uweke mapya. Chumba cha kuzalia kisigeuzwe wodi ya wagonjwa.

Wakati wa kuzaa usiharakishe. Chupa ya maji ikishapasuka, mpe ng'ombe mzoefu saa 1 na mtamba saa 2 maadamu kuna maendeleo. Ukilazimika kusaidia, osha mikono hadi begani, vaa glavu ndefu, tumia kamba zilizochemshwa dakika 10, na paka jeli nyingi. Kuvuta kwa nguvu kwenye uke mkavu huchana nyama, na nyama iliyochanika ni shamba la Fusobacterium.

Kondo la nyuma likikwama, usilivute. Usilifunge jiwe wala kipande cha jembe ili lishuke. Vifundo hung'oka, damu hutoka, na vipande hubaki ndani vikioza. Kata kile kinachoburuta kwenye kwato, kiache kingine kianguke chenyewe, mara nyingi ndani ya siku 4 hadi 10. Mpime joto kila siku. Ng'ombe asiye na homa na anayekula hahitaji sindano kwa sababu tu kondo limekwama. Mwenye homa anahitaji daktari, na dawa anayopewa huenda kwenye msuli au chini ya ngozi kwa siku 3 hadi 5 mfululizo. Vidonge vya kutupa ndani ya mji wa mimba vina faida ndogo hapa, na huzuia kondo kuoza na kuachana na ukuta.

Kumimina maji ya chumvi, iodini kali au dawa ya kusafishia sakafu ndani ya mji wa mimba kumewagharimu wafugaji ng'ombe wazuri. Iodini haichagui. Huunguza bakteria na ngozi mpya iliyokuwa ikiota, na ng'ombe aliyekuwa apone kwa joto mbili hubaki na makovu.

Kwa usaha wa muda mrefu huku ng'ombe haingii joto, mara nyingi dawa si antibayotiki. Daktari akipapasa na kukuta kwenye ovari mwili wa manjano, ule unaotoa projesteroni, sindano ya prostaglandini humrudisha kwenye joto, mlango hufunguka, na ng'ombe hujisafisha mwenyewe. Sindano hiyo hutoa mimba, basi ng'ombe apimwe kwanza. Mwanamke mjamzito au mtu mwenye pumu asiishike kabisa.

Na tumbo lisisahaulike. Chembe nyeupe za damu hazipigani zikiwa na njaa. Mkaushe ng'ombe (acha kumkamua) siku 60 kabla ya kuzaa, awe na alama 3 hadi 3.5 za unono kati ya 5, mpe madini yenye seleniamu na chakula chenye vitamini E kama nyasi mbichi. Wiki 3 za mwisho punguza lusaini na madini yenye kalsiamu nyingi, maana homa ya maziwa, yaani kushuka kwa kalsiamu ya damu wakati wa kuzaa, hulegeza mji wa mimba, nao ukilegea haumwagi uchafu.

Uhimilishaji na fahali

Shahawa zilizogandishwa, zikiwemo zile za kituo cha Kabete kilichoanza mwaka wa 1946, huchanganywa na antibayotiki na madume yake hupimwa. Uchafu basi hutoka kwetu. Mtazame mhimilishaji: ameyeyusha mrija wa shahawa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 30 hadi 40? Ameukausha? Ala ya plastiki ni mpya na haijaguswa ncha? Amefuta midomo ya uke kwa karatasi kavu, midomo ikafunguliwa kabla bunduki ya kuhimilishia haijaingia? Una haki ya kumwomba arudie. Ng'ombe aliyesimama kupandwa asubuhi ahimilishwe jioni, wa jioni ahimilishwe asubuhi. Usianze kabla ya siku 45 hadi 60 tangu azae, hata akiingia joto mapema: joto zile za mwanzo ni za kufagia nyumba.

Fahali wa kuazimana kijijini ana hesabu tofauti. Mikunjo ya govi lake huongezeka akipita miaka 3 au 4, na ndani yake Campylobacter fetus wa zinaa na Tritrichomonas foetus, ambaye si bakteria bali ni kijidudu cha chembe moja, hukaa miaka bila fahali kuonyesha dalili. Ng'ombe aliowapanda hurudia joto kwa vipindi visivyo sawa, au hutupa mimba changa. Hao wawili hawahesabiwi wenyeji hata siku moja. Ukiwashuku, simamisha fahali, hamia uhimilishaji, daktari apime.

Brucella

Wala Brucella, bakteria wa kutupa mimba, si mwenyeji. Ng'ombe akitupa mimba kuanzia mwezi wa 5 kwenda mbele, chukulia ni Brucella mpaka maabara iseme sivyo. Humwingia binadamu kupitia mikono iliyochubuka, macho, na maziwa mabichi. Usiguse kondo wala ndama aliyekufa bila glavu, mjamzito asikaribie, na maziwa ya zizi lote yachemshwe. Mtenge ng'ombe, piga simu kwa ofisi ya mifugo ya kaunti, na daktari achukue damu pamoja na kipande cha kondo. Chanjo ya S19 hupewa mitamba wa miezi 3 hadi 8. Ni bakteria hai, hivyo anayechanja ni daktari, aliyevaa miwani na glavu. Matandiko yaliyolowa yachomwe. Kondo na ndama vifukiwe mita 2 chini, juu yake chokaa, mbali na kisima, na mbwa wafungwe mpaka shimo lifunikwe.